Nyota Aliyoiomba Leticia

Nyumbani kwa akina Leticia hapakuwa mbali na shule, lakini Leticia alikuwa na kipaji cha kuirefusha njia. Akitoka darasani alipitia kwanza kwenye kibanda cha binamu yake Saimon, fundi simu wa pale mtaani kwao, Lizaboni, akaangalia simu za watu zilivyolazwa mezani, matumbo wazi. Kutoka hapo alipitia kwa jirani yao, Bibi Kunegunda, akamchotea maji, akamfagilia ua, na kama kulikuwa na kiporo, akakimaliza. Ndipo alipokwenda kwao, ambako sauti ya mama yake ilimpokea kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Mwenzetu leo umezungukia mpaka Namtumbo?" mama yake, Theodosia, aliuliza kutoka jikoni.

"Nilikuwa kwa Bibi, mama."

Hapo mama alirudi kwenye mapishi yake, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza amsaidie Bibi. Leticia alikuwa darasa la sita, akili inachemka, na alikwisha kugundua kwamba jina la Bibi Kunegunda linaweza kufunika makosa mengi.

Bibi Kunegunda hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Otto, ambaye alikwenda Tunduru kutafuta maisha kwenye machimbo ya vito. Mwanzoni Otto alikuwa akipiga simu. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Mwishowe hata majirani wakaacha kumuulizia, kwa sababu kila walipomuulizia, Bibi alishindwa kula siku hiyo.

Mwaka huo, wakati wa kuvuna, Bibi alikanyaga shina la muhindi lililokatwa, likamtoboa unyayo. Mtu mwingine angepiga yowe mpaka ng'ambo ya mto. Bibi hakusikia kitu. Alikuja kugundua jioni, alipoona damu kwenye kandambili. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umeitia miguu yake ganzi zamani. Kidonda kikakataa kufunga. Nesi wa zahanati alikisafisha, akakifunga, akakisafisha tena, hata siku moja akavua glovu na kukaa chini.

"Bibi, hapa pamenishinda," alisema. "Nenda hospitali ya Peramiho wakaitoe hiyo nyama iliyokufa. Ukichelewa, uozo utapanda, na hapo hawatatoa nyama tu."

Bibi alikuwa mgumu, lakini Mzee Thadei, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, alimbembeleza mpaka akakubali. Gari likapatikana. Jumuiya ikapanga kukutana nyumbani kwa Bibi jioni ile, wamwombee, na kesho yake asubuhi aondoke.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Leticia alimkuta Saimon ameacha kazi, anatazama simu yake mwenyewe.

"Leo kinapita juu yetu," Saimon alisema.

"Nini?"

"Kituo cha anga za juu. Chombo wanachoishi wanaanga. Wamo mle ndani sasa hivi, wanakula, wanalala, wanapiga mswaki."

"Wakipiga mswaki maji yanamwagikia wapi?"

"Hayamwagiki. Yanaelea."

"Muongo wewe!"

"Shauri yako. Kinaizunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu hivi. Muda ule ule unaotumia wewe kutoka shule mpaka kwenu."

Leticia alicheka, lakini masikio yalikuwa yamesimama. Saimon akamweleza vizuri. Jua likizama huku chini, kule juu bado linamulika. Kwa hiyo chombo kile hung'aa kama nyota kubwa, ila chenyewe kinatembea. Hakipepesi taa kama ndege na hakina mlio. Kikiingia kwenye kivuli cha dunia, kinazimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa. Programu iliyokuwa kwenye simu ilionyesha kwamba jioni hiyo kingetokea upande wa Peramiho, kipite juu ya mji, kielekee milima ya Matogoro.

"Giza likianza tu kuingia, toka nje utazame," Saimon alisema. "Hakimsubiri mtu."

Njiani Leticia alikutana na Noela, mwanafunzi mwenzake, amebeba ndoo kichwani, akiwa na wasichana wengine wa mtaa. Habari ilikuwa inamwasha ulimi.

"Leo mtaona nyota inatembea!"

Noela aliishusha ndoo ili acheke vizuri. "Inatembea kwenda wapi? Gulioni? Leticia bwana! Kesho utatuambia mwezi umepanda bajaji."

Wale wengine wakacheka mpaka maji yakawamwagikia. Leticia akaondoka na donge kooni, na donge hilo, tukubaliane mapema, ndilo lililoleta balaa lote.

Jioni watu wa jumuiya walikusanyika uani kwa Bibi, maana chumbani wasingeenea. Baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza kuuma. Akina mama walikaa kwenye mikeka wamejifunika vitenge, wazee kwenye mabenchi, na watoto karibu na banda la kuku, ambako kila mara waliambiwa waache kuchezea kuku.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina!"

Waliimba, wakasoma Injili, kisha ukafika wakati wa nia. Katika jumuiya ile kila mwenye shida aliitamka kwa sauti, wengine wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Aliombewa mtoto mwenye homa, akaombewa mwanafunzi wa kidato cha nne. Bibi Kunegunda akasema akiwa ameketi, mguu umenyooshwa mbele, umefungwa kitambaa.

"Nia yangu mnaijua. Kesho mnanipeleka Peramiho, nami sikatai. Lakini Otto wangu akirudi akakuta mlango umefungwa, atasema mama alikwisha kufa. Atageuka, na safari hii hatarudi tena." Sauti ilimkatika. "Sijui hata kama yu hai. Naomba nijue hilo tu. Basi."

Watu waliitikia kwa sauti ndogo. Kuku mmoja alilia bandani.

Leticia aliinua macho. Jua lilikuwa limezama, na anga upande wa Peramiho ilibaki na wekundu kidogo. Alimtazama Bibi, akaona machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Akamtazama Noela aliyeketi kando yake. Kama alisukumwa zaidi na machozi ya Bibi au na kicheko cha Noela, hata yeye mwenyewe hakuweza kusema baadaye. Alisimama.

"Nami nina nia," alisema.

"Keti chini, mtoto wewe!" mama yake alinong'ona kwa ukali.

"Mwache," alisema Mzee Thadei. "Hata watoto wanaomba. Sema, binti."

Leticia akafumba macho. "Ee Mungu, kama kaka Otto yu hai, naomba nyota moja itembee angani sasa hivi, watu wote waione."

Hakuna aliyeitikia. Watu walitazamana. Mama yake akaanza kujivuta kwenye mkeka, mkono umeshatangulia, amshike sikio. Ndipo Noela alipopiga ukelele na kunyoosha kidole.

Ilikuwa imetokea juu ya paa la jirani, nyeupe, kubwa kuliko nyota yoyote, nayo ilikuwa inatembea. Ilipanda bila haraka na bila mlio. Watu wakasimama mmoja mmoja, vitenge vikaanguka. Ilipita juu ya vichwa vyao, ikateremka kuelekea Matogoro, na kabla haijaigusa milima ikafifia mara moja, ikazimika.

"Imezimikia njia ya Tunduru!" Bibi alilia. Alikuwa amesimama juu ya mguu wake mbovu bila kujua kwamba amesimama. "Mmeona? Yuko Tunduru! Mwanangu yu hai!"

Vigelegele vilipasuka. Mzee Thadei, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, alifanya ishara ya msalaba. Noela alikaa kimya, mdomo wazi, na kimya cha Noela kilikuwa kitamu kwa Leticia kuliko asali. Bibi alimvuta kifuani, akambana, akamlowesha nywele kwa machozi.

"Mjukuu wangu, umenirudishia mtoto."

Leticia alifungua mdomo. Akaufunga.

Asubuhi gari lilipiga honi nje kwa Bibi. Bibi akatoka na ufagio mkononi badala ya kikapu cha safari.

"Siendi," alisema. "Otto yuko njiani, nami nikalale Peramiho? Rudisheni gari la watu."

"Lakini mguu, Bibi!" alisema Mzee Thadei.

"Mguu hauumi. Mzee Thadei, jana wewe hukuona?"

Mzee Thadei alikuwa ameona, na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Gari likaondoka tupu.

Kuanzia siku ile Bibi alihamia kibarazani. Aliweka kigoda pale anapoiona njia yote, akakaa hapo tangu asubuhi mpaka giza. Alifua blanketi la Otto, akalianika, akaliingiza ndani, akalitoa tena. Alipika togwa ya kumpokea mwanawe. Togwa ikachacha, ikamwagwa, akapika nyingine. Kila pikipiki iliyokata kona ilimfanya ainuke. Kila iliyopita bila kusimama ilimkalisha chini taratibu kuliko iliyotangulia.

Leticia naye alipata umaarufu asioutaka. Mama mmoja alimfuata amwombee mbuzi aliyepotea. Mwingine alitaka kujua kama mchumba wa binti yake ni mkweli. Leticia akawa mtu wa kusingizia kuumwa kichwa kila jioni.

Saimon alimkamata siku ile ile habari zilipomfikia.

"Leti, hiyo nyota ya jumuiya ndiyo kile chombo nilichokuambia?"

Leticia aliangalia vidole vya miguu yake. Saimon akacheka mpaka akaegemea meza. "Umewaombesha watu wazima kituo cha anga! Yaani na mwenyekiti pia?"

"Bibi amekataa kwenda hospitali," Leticia alisema.

Kicheko kilikatika. Saimon aliweka bisibisi mezani.

"Kamwambie."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nitamwambia, Saimon."

Hakumwambia. Siku hiyo Bibi alikuwa na furaha, na nani anataka kuharibu furaha ya mgonjwa? Siku iliyofuata Bibi alikuwa na huzuni, na nani anataka kumwongezea? Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri. Wiki zikapita, na kitambaa cha mguuni kikaanza kutoa harufu. Watu waliokuja kumsalimu Bibi wakawa wanasimama upande ambao upepo unatokea.

Siku moja Saimon akamwambia Leticia, bila utani, kwamba chombo kitaonekana tena jioni za wiki hiyo. Leticia hakulala vizuri kwa kuwaza. Hatimaye akapata njia aliyoiona ya akili sana. Kama nyota ilimzuia Bibi, nyota ndiyo imruhusu! Kwa namna hiyo Bibi angekwenda Peramiho, na hakuna ambaye angehitaji kujua kitu.

"Shikamoo, Bibi," alisema jioni hiyo.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, nimeomba tena. Nyota ile ikipita leo, maana yake uende hospitali kwanza, Otto atakufuata huko huko."

Bibi aliinua macho angani. "Ikipita, nitakwenda," alisema.

Walikaa kibarazani bega kwa bega. Jua lilizama. Na hapo mawingu, ambayo mchana kutwa yalikuwa yamelala juu ya Matogoro kama mbwa mvivu, yakainuka, yakatanda mji mzima. Ukungu ukashuka. Pale juu, nyuma ya mawingu, chombo kilipita kwa wakati wake kama kawaida. Chini Lizaboni hakuna aliyeona hata cheche.

Walisubiri mpaka Bibi akaanza kutetemeka kwa baridi.

"Umeona?" Bibi alisema. "Imekataa. Otto hataki niondoke."

Sasa mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Awali Bibi alikaa nyumbani kwa kupenda mwenyewe. Sasa alikuwa amekatazwa na mbingu, na mbingu yenyewe ilitengenezwa na Leticia.

Kesho yake baada ya shule Leticia alimkuta Bibi amefungua kitambaa ili akifue. Hakuwahi kuuona mguu ule wazi. Kidole gumba kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimwa. Kingine kilikuwa kinafuata. Nzi wawili walitua, na Bibi hakuwahisi.

"Hauumi kabisa," Bibi alisema kwa upole, alipoona uso wa mtoto. "Unapona huo."

Leticia alitupa ndoo aliyokuja kuchotea maji, akakimbia. Alimkuta mama yake anasonga ugali, akaanza kusema akiwa bado mlangoni. Alisema yote: simu ya Saimon, kicheko cha Noela, nia ya uongo, nyota ya pili iliyozibwa na mawingu. Alisema huku analia, makamasi yanachuruzika. Mama aliacha kusonga. Ugali ukaanza kuungua, harufu ikajaa jikoni, wala hakuugusa.

Leticia alisubiri kofi. Kusema kweli alilitamani, maana kofi huisha. Halikuja.

"Bibi umemwambia?" mama aliuliza.

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mguu ni wangu?"

Waliondoka pamoja. Mama alimpitia Mzee Thadei, na Leticia akatumwa mbio kumwita Saimon. Wote wanne wakasimama mbele ya kibaraza cha Bibi jua likiwa linaelekea kuzama. Leticia alipiga magoti.

"Bibi, nilikudanganya. Ile si nyota. Ni chombo kilichotengenezwa na watu, kinapita chenyewe. Nilijua kitapita, ndiyo maana nikaomba. Sijui chochote juu ya kaka Otto."

Bibi hakushtuka. Alitabasamu kwa uchovu, akawatazama watu wazima mmoja mmoja.

"Mmemtuma mtoto," alisema. "Theodosia, mwanangu, ulikosa njia nyingine ya kunipeleka Peramiho mpaka umfundishe mtoto kusema uongo?"

"Bibi, ni kweli!" Leticia alilia. "Muulize Saimon! Kwenye simu kinaonekana, kitapita leo!"

"Simu!" Bibi alisema. "Kwenye simu hata Otto wangu hapatikani. Mimi niamini simu?"

Mzee Thadei alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Ndivyo uongo ulivyo na adabu mbaya: unapokelewa kwa vigelegele, na ukweli ukija nyuma yake, unaambiwa umetumwa.

Leticia alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Bibi, naomba utazame pamoja nami leo. Sitaomba chochote. Kitatokea pale, kushoto kwa ule mti wa mparachichi, giza likianza. Mawingu hakuna. Kitapita hata tukiwa tumelala."

Bibi alitazama njia, iliyokuwa tupu, kisha akatazama anga. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kavu.

"Haya. Lakini mimi nitaomba. Siku ile wewe ulisema ikipita, Otto yu hai. Leo mimi nasema hivi: kama Otto wangu amekufa, na ipite."

"Bibi, hapana!" Leticia alimshika magoti. "Usiombe hivyo! Kitapita tu, Bibi! Mimi najua kitapita!"

"Si umesema kinapita chenyewe? Acha tuone."

Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza Leticia kutamani mawingu. Hayakuja. Anga ilikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameweka mikono kichwani. Saimon hakuitazama simu. Mtaani mtu alikuwa anapasua kuni, akaacha.

Kikatokea, kushoto kwa mparachichi.

Kilipanda vile vile, cheupe vile vile, bila haraka. Kilipita juu ya kibaraza cha mwanamke aliyeomba kujua kama mwanawe amekufa, kama kilivyopita juu yake alipoomba kujua kama yu hai. Kikateremka kuelekea Matogoro. Kikafifia. Kikazimika mahali pale pale.

Bibi aliendelea kutazama pale kilipozimikia.

"Basi," alisema mwishowe. "Hakijui kitu. Hai kinapita, amekufa kinapita. Kina watu wake humo ndani na safari yao, wala hawanijui mimi."

Kisha akalia. Hakulia kama siku ile ya vigelegele. Alilia kwa sauti ya chini, iliyotoka mbali, kama mtu anayeanza upya msiba alioukatisha katikati. Leticia alimshika mkono. Bibi hakuushika wa kwake, lakini hakuusukuma.

Walipodhani amenyamaza kabisa, akauliza, "Na mlango wangu?"

"Nitakaa mimi, Bibi," Leticia alisema. "Kila siku nikitoka shule nitafungua, nifanye kazi za shule hapa hapa kibarazani, mpaka jua lizame."

"Asubuhi nitaufungua mimi," mama alisema.

Bibi alimtazama Mzee Thadei. "Kamwambie mwenye gari," alisema.

Walimpeleka Peramiho alfajiri, baridi ikiwa bado imeshika majani. Daktari alimpokea, akautazama mguu, akauliza kwa nini wamechelewa hivi. Mama alimgeukia Leticia, na Leticia alijibu mwenyewe. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba kama Bibi angefika siku ile ya gari la kwanza, wangesafisha kidonda na kukifunga. Sasa ilikuwa lazima wamkate vidole viwili, na washukuru kama uozo haujafika kwenye kifundo.

Haukuwa umefika. Mguu ulibaki, vidole havikubaki.

Jumapili Leticia aliungama mbele ya jumuiya nzima, kwenye mkeka, bila kufumba macho. Noela alirudishiwa kicheko chake chote na riba juu. Mama wa mbuzi alimnunia. Leticia alivumilia. Kila mchana alifungua mlango wa Bibi, akakaa kwenye kigoda na madaftari, akaitazama njia. Otto hakuja. Hakuna aliyeleta habari yake, nzuri wala mbaya.

Siku waliyoruhusiwa kumtembelea Bibi wodini, Leticia alimpelekea uji usiotiwa sukari na kanga safi. Alisimama miguuni pa kitanda, akashindwa kuutazama ule mguu uliofungwa bandeji nyeupe.

"Njoo huku kichwani," Bibi alisema. "Huko miguuni kumepungua watu."

Leticia alitaka kucheka, akalia badala yake.

"Bibi, nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe. Keti." Bibi alikunywa uji kidogo, akaweka kikombe. "Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Sikukasirikia vidole, nilikasirikia zile wiki. Nilikaa kibarazani nikiwa na furaha isiyo yangu. Siku uliponinyang'anya, ilikuwa kama Otto amepotea mara ya pili."

"Nilitaka usilie."

"Najua. Lakini mimi nilikuwa na haki ya kulia, mjukuu wangu. Ungekaa karibu yangu, ukanipa maji, ungenisaidia. Ukitaka kumfariji mtu, mpe ulicho nacho: mkono, muda, uji kama huu mbaya wa mama yako. Usimpe habari usiyo nayo. Na ukikosea, sema siku ile ile, maana uongo ukilala kwa watu unaanza kula nyama yao."

Leticia aliitikia kwa kichwa. Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Maposeni, amekonda, macho makubwa. Muda wote alikuwa anasikiliza, kama wagonjwa wanavyosikiliza.

"Binti," aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Una uso wa bahati wewe. Hebu niambie, mimi nitapona?"

Leticia alimtazama. Neno la ndiyo lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, tamu, tayari kuruka. Mama yule alikuwa analisubiri.

"Sijui, mama," alisema. "Shikamoo. Naweza kukuletea maji."

Yule mama aligeuza kichwa, akamtazama Bibi Kunegunda kana kwamba anataka ufafanuzi.

"Mpe chupa akakuchotee," Bibi alisema. "Huyu sasa, asilolijua anasema halijui. Nimemsomesha kwa vidole vyangu."